Bibi Aliyejifunza Kubadilisha Kava

Haya ninayokusimulia yalinipata mimi mwenyewe, kwenye kibanda changu pale Ikungi, kando ya barabara ya Dodoma, na hayakunipata usiku. Najua visa vya namna hii huwa na giza, mbwa wanaobweka na mtu aliyekunywa kidogo. Mimi ilikuwa saa nane mchana, jua kali, upepo wetu wa Singida unarusha vumbi mpaka kwenye meno, na sikuwa nimekunywa kitu ila chai. Ukiona nakudanganya, achia hapo, sitakulaumu. Ukiendelea, nivumilie nieleze polepole, maana usipoielewa kazi yangu hutaelewa nilichofanyiwa.

Kazi yangu ni video. Nachaji simu na kutoa kopi, lakini hasa nawatengenezea watu video na kuwafundisha kuzirusha wenyewe mtandaoni. Wakulima wa alizeti, wauza asali, wanakwaya, wote wamekaa kwenye benchi langu. Kufundisha hakunichoshi. Mtu akikosea mara tano namwambia, "Vizuri, umekaribia, jaribu tena." Ndiyo maana waliniita Mwalimu, ingawa sijawahi kushika chaki.

Sasa, kava ni nini? Ukifungua ukurasa wa mtu unakuta video zake zimepangwa kama vyumba vya nyumba ya kupanga, na kila chumba kina picha moja imesimama mlangoni. Hiyo ndiyo kava. Ndani ya video zinakimbia picha nyingi mno, lakini wewe unachagua moja isimame mbele. Na watu wengi hawabonyezi, ndugu yangu. Wanapitisha kidole, wanaiona kava, wanaondoka wakiamini wameona yote. Kwa hiyo niliwafundisha wanafunzi wangu hivi: tafuta uso, uso uwe na jambo, weka maneno machache, makubwa, ya njano. Ni ushauri mzuri. Hata leo siwezi kukuambia ni mbaya.

Siku moja ya mnada nilikuwa stendi. Bibi mmoja muuza kuku alikuwa anakimbilia dirisha la basi, tenga mkononi. Abiria alikuwa anapunguziwa bei huku basi linaondoka. Bibi akajikwaa, akaanguka chali. Tenga likapasuka, kuku wakatawanyika chini ya magari, kanga ikampanda mapajani. Stendi nzima ikacheka. Mimi simu nilikuwa nayo mkononi, nikarekodi.

Video ilikuwa ya sekunde arobaini. Mwishoni wanawake wawili wanakuja kumfunika kanga, na mzee mmoja anamshikia jogoo wake. Ukiitazama yote unamwonea huruma. Lakini nani anatazama yote? Usiku ule ule, nyumbani, nilizipitia picha moja moja kwa kidole, kwenda na kurudi, saa nzima, mpaka nikampata pale mdomo umeachama, macho yamegeuka, miguu iko wazi. Nikasimamisha hapo. Juu yake nikaandika kwa njano: BIBI CHAKARI SAA NNE ASUBUHI.

Alikuwa amelewa? Sikujua, na sikuuliza. Maneno yalikaa vizuri tu.

Ilitazamwa kuliko video zangu zote zikijumlishwa.

Baada ya kama wiki moja akaja mwanamke kibandani, kajifunga mtandio, macho mekundu.

"Kaka, wewe ndiye Mwalimu?"

"Ndiye mimi, dada. Karibu, kaa hapa kivulini. Nikusaidie nini?"

"Naitwa Zaituni. Yule bibi wa kuku ni mama yangu."

Nikampa pole. Akanieleza kwamba mama yake amevunjika nyonga, hainuki kitandani, na tangu picha ile izagae wanawake wa chama chao cha kufa na kuzikana hawakanyagi pale nyumbani. Wamesema mlevi ajiuguze mwenyewe.

"Mama ni mtu wa swala tano, kaka. Pombe hajawahi hata kuinusa. Anaulizia wenzake kila asubuhi, namdanganya wako shamba. Sikuombi uifute, najua ndiyo riziki yako. Badilisha tu hiyo picha ya mbele. Weka ile wanamfunika."

Niamini, kuibadilisha ni kazi ya nusu dakika. Nikamtazama yule dada machoni, nikamweleza kwa upole wangu wote: "Dada Zaituni, kava ikishakaa siku kadhaa, mtandao unaifunga. Haibadilishiki tena. Ingekuwa iko mikononi mwangu ningekusaidia sasa hivi." Nikamnunulia na soda. Akainywa nusu, akanishukuru, akaenda zake.

Wiki mbili hivi zikapita. Nikaenda Itigi kuwapigia watu video za asali, nikakaa huko siku tatu. Niliporudi, mchana ule ninaokuambia, nilikuwa peke yangu kibandani. Akaingia bibi mmoja, mdogo wa umbo, kasimama wima, kanga zake safi. Kitu kimoja tu nilikiona: udongo mwekundu umemganda kwenye kucha. Nikasema moyoni, katoka shamba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Nasikia unafundisha na huchoki."

"Wanasema hivyo. Bibi na wewe unataka kuwa staa?"

"Staa nimeshakuwa, mjukuu wangu. Nimebakiza kujua habari za kava."

Nikacheka sana. Nani asingecheka? Nikamvutia benchi, nikachukua simu yangu, nikafungua ukurasa wangu, na kwa kuwa mwalimu mzuri hufundishia kwa mfano ulio bora, nikafungua video ile ile ya stendi.

Utaniuliza, hukumtambua? Sikumtambua. Uso ule niliukodolea macho saa nzima, lakini niliujua ukiwa umeanguka tu. Ukiwa umetulia sikuwahi kuutazama.

"Huyu ana nini?" akauliza.

"Kalewa tu, bibi."

"Nani kakuambia?"

"Si unaona mwenyewe?"

"Naona," akasema.

Nikamwonyesha: unabonyeza hapa, Hariri kava. Chini unatokea mstari wa vipicha vidogo vidogo, hiyo ndiyo video yenyewe imetandazwa kama mkeka. Unaweka kidole, unavuta polepole. Akajaribu, kioo kikakataa kidole chake. Nikamtia moyo, "Usijali, bibi, vidole vya jembe ndivyo vilivyo. Futa kwa kanga, pumulia kioo kidogo." Akapumulia kwa karibu kabisa. Kioo hakikuingia ukungu hata kidogo. Nikasema ni joto.

"Kwa hiyo nasimamisha popote?"

"Popote unapotaka."

"Na watakaoona hawatajua kilichotangulia?"

"Hawatajua, wala hawaulizi."

"Na ikishakaa siku nyingi, inabadilishika?"

"Wakati wowote, bibi! Hata mwaka upite. Nusu dakika tu."

Halafu akasema taratibu, kama mtu anayejisemea, "Basi Zaituni hakukuelewa vizuri."

Nikamgeukia, na hapo ndipo nilipomwona: paji lile, makunyanzi yale, ndiye. Na nyonga iliyovunjika inatembeaje kutoka kitandani mpaka barabarani? Yeye hakunitazama. Alikuwa anavuta vipicha, safari hii kioo kinamtii. Alivuta mpaka mwanzo wa video, pale mstari unapokoma. Haukukoma. Vipicha vikaendelea kuja: mbingu nyeupe, tairi la basi, manyoya ya kuku. Halafu nikaja mimi.

Nilionekana kutoka chini, jinsi anavyokuona mtu aliyelala mavumbini. Mkubwa, simu imefunika jicho moja, jicho la pili limebana, meno yote nje. Na sauti yangu ikatoka kwenye simu, ya upole, ile ile ninayofundishia: "Usiinuke kwanza, bibi. Hapo hapo. Vizuri."

Ndiyo. Nilisema hivyo siku ile. Alikuwa anajaribu kujiinua na mimi picha ilikuwa bado haijanitosha. Sehemu hiyo niliikata, hakuna aliyewahi kuisikia. Na hata nisingeikata, simu yangu ingewezaje kunipiga mimi mwenyewe niliyeishika?

"Nilikutii," akasema. "Nilidhani ni mtu wa zahanati, umeona nimevunjika."

Kidole chake kikasimama juu ya uso wangu. Akageuka, akaniuliza kama mwanafunzi anayetaka kujua amepata au amekosa: "Hapa? Uso una jambo?"

Mungu ananijua. Sikutaka kujibu. Lakini mdomo umezoea miaka yote hiyo, ukajibu wenyewe.

"Hapo hapo, bibi. Vizuri."

Akabonyeza Hifadhi. Akainuka, akasema, "Ahsante, mwalimu," akatoka. Nilipofika mlangoni, barabara ilikuwa nyeupe kote kuwili, hakuna mtu.

Nikaangalia simu. Kava ilikuwa ile ile niliyoiweka mimi, ya bibi mdomo umeachama. Nikaibadilisha. Nikaweka wanawake wanaomfunika, nikafuta maneno ya njano. Nikapanda bodaboda mpaka kwa kina Zaituni ili nimwonyeshe, nimwangukie, anisamehe. Njia nzima nalia, dereva ni shahidi.

Nje ya nyumba ulitandikwa mkeka mmoja na wanaume wanne wamekaa juu yake. Mama yake alizikwa juzi yake. Baadaye nilikuja kujua kwamba wale wa chama hawakuja hata kuosha maiti, aliosha Zaituni na jirani mmoja. Zaituni akatoka mlangoni, akanitazama, uso wake ukabadilika.

"Unacheka nini?"

"Dada, sicheki. Nimekuja..."

"Unacheka nini, wewe? Mama yangu yuko kaburini umekuja kucheka? Umekuja kurekodi na hapa?"

Nikajishika uso. Mdomo ulikuwa umefungwa, mashavu yamelowa. Lakini wale wanaume nao walikuwa wameshasimama, mmoja ameokota fimbo. "Tazama meno yake!" akasema. "Mshenzi huyu, tazama meno yake!" Nilipigwa mpaka nikafika chini, na hapo ndipo mmoja wao aliposema, "Ngojeni. Mbona sasa analia?" Mwingine akajibu kwamba labda nina wazimu, wakaniacha.

Nilichukua siku kadhaa kuelewa, nami nakueleza ili usihangaike. Mtu akinitazama, kwanza anaiona kava. Anaona jicho lililobana na meno nje. Baada ya muda kidogo, kama video inavyoanza kucheza, kava inaondoka na mimi wa kweli naonekana. Akitazama pembeni akarudisha macho, inaanza upya. Na kama nilivyowafundisha wengi, watu hawangoji. Benchi langu likabaki tupu. Watoto wa shule wakawa wanavuka barabara wakiniona. Kwenye simu ndiyo sina dawa kabisa: picha yoyote ninayopigwa, hata ya kitambulisho, inatoka ile.

Hayo yote ningeyabeba. Lakini mama yangu, huko Kinampanda, akapata kiharusi, tukamlaza hospitali. Mimi ndiye mtoto wake wa pekee. Alikuwa analala na kuamka, analala na kuamka, na kila akifumbua macho ilikuwa mwanzo upya.

"Mwanangu, unanicheka?"

"Sikucheki, mama. Nitazame kidogo tu. Usifumbe macho, nitazame."

Hakuwa na nguvu za kunitazama muda wote huo. Kabla sijaonekana mimi, macho yalikuwa yameshafumba. Nikajifunika uso kwa shuka, akapiga kelele kwamba kuna mtu kaja kumwua. Nikasimama nyuma ya kitanda nikawa nasema naye bila kuonekana, nikamsikia akimwuliza nesi kwa Kinyiramba kwa nini mwanawe hataki kumwona. Siku tisa. Siku ya tisa alifumbua macho, akaniona, hakuniuliza tena kitu. Akageuza uso ukutani. Nikamzunguka kitanda nikapiga magoti upande ule, nikangoja afumbue tena. Hakufumbua.

Kwenye mazishi ndugu wa ukoo walinitoa makaburini.

Sikukatazi kutengeneza video, rafiki yangu. Ni kazi nzuri, na wewe unaiweza kabisa. Ila leo hii, kabla hujalala, fungua ukurasa wako uzipitie kava zako moja moja. Kama yupo mtu uliyemsimamisha pale alipoanguka, mwondoe. Usingoje aje kuomba. Na kama alikuja ukamdanganya, ondoka sasa, nenda kwake kwa miguu yako ukamlilie, wakati bado watu wakikutazama wanaona kwamba unalia.