Kisu cha Mkwe

Kabla hatujahamishwa, Wankyo alikuwa na kisu kimoja tu, na hakuna aliyewahi kumwona bila hicho. Mhunzi alikifua kutoka kipande cha plau, kifupi kama kiganja, bapa na mpini vikiwa chuma kimoja, kikakaa kiunoni mwake ndani ya ala ya ngozi ya ng'ombe. Kwa kisu hicho alimenya mihogo, alikata kamba za katani, alipunguza kwato za mbuzi na kuwatoa watoto funza. Akiitwa kuzalisha, alikitosa chunguni, maji yakachemka nacho muda wote mama akihangaika, halafu alikiopoa kwa kijiti na kukatia kitovu. Ukimuuliza kwa nini anakichemsha, alisema mama yake alikuwa anakichemsha. Basi.

Mwaka 1974 tukahamishwa. Habari za uhamisho sizianzi hapa, maana nikianza sitanyamaza. Niseme tu kwamba watu waliozoea kukaa kila mmoja na boma lake na ng'ombe zake walipangwa mistari kando ya barabara ya Kisorya, mlango kwa mlango, wakaambiwa sasa ni kijiji. Watoto wa kila nyumba wakawa wanaingia kila nyumba. Mmoja alikichomoa kisu cha Wankyo kwenye ala wakati yeye ameinama anakoka moto, akajichana kidole. Mwenyekiti akatangaza kwamba hataki tena kuona visu vinaning'inia viunoni mwa watu, tumekuja kuishi pamoja, hatukuja kuchinjana.

Ndipo mkwe wake alipokuja na zawadi. Huyu Werema alikuwa amemwoa Penina, binti pekee wa Wankyo, na alifanya kazi mjini Musoma. Alikuwa amenunua kisu cha kukunja kwenye duka moja la mtaa wa Mukendo, chenye mpini wa pembe uliosuguliwa ukang'aa. Hakumpa mkononi. Kwetu mkwe na mama mkwe hawapokezani kitu. Alikiweka juu ya kigoda akatoka nje, Penina akakichukua na kumpelekea mama yake. Na zawadi ya mkwe haifungiwi sandukuni. Akija, anataka aione inatumika. Asipoiona atajua amekataliwa, na mkwe aliyekataliwa hasemi neno, ila mke wake ndiye atakayeumia.

Mimi nilikuwa jirani yake, tukichota maji pamoja, kwa hiyo najua jinsi alivyopima.

"Hiki cha ala ni chuma kitupu," aliniambia. "Unakitosa popote, unakifuta, kimekwisha. Hicho kingine kina tumbo. Kinamezaga vitu."

"Lakini hakikuchomi mbavuni ukikaa kukamua," nikamwambia.

Akacheka. "Hilo kweli. Na kwenye pindo la khanga kinakaa vizuri. Nimekuwa bibi wa mjini."

Akachagua cha kukunja. Alikichagua kwa ajili ya mwenyekiti, kwa ajili ya watoto wa watu, na zaidi kwa ajili ya ndoa ya Penina. Mtu mwenye adabu angefanya nini kingine? Mara ya kwanza alikichemsha kama alivyozoea, pembe ikapasuka ufa mwembamba. Aliumia roho siku ile kana kwamba amevunja chungu cha watu. Tangu hapo akawa anamimina maji ya moto kwenye bapa tu, anafuta kwa kitambaa safi, anakata vitovu vya watoto wa kijiji. Na kwato za mbuzi alizipunguza nacho hichohicho.

Msimu wa pamba ulipofika, Penina akaja kujifungulia kwa mama yake, kama inavyotakiwa kwa uzazi wa kwanza. Alijifungua mchana, bila shida, mtoto wa kiume. Wankyo alimkata kitovu akiimba. Mtu wa kwanza kuingia kumpokea alikuwa Robi, aliyekaa nyumba ya nyuma. Robi alitoka mlima mwingine kabisa, hatukumjua kwao, wala hakuwa na mtoto. Alimpakata yule mtoto kwa muda mrefu, akamwita mume wangu, akamrudisha taratibu kwa mama yake.

Kitovu kilikuwa hakijakauka vizuri mtoto alipoanza kukataa ziwa. Alilishika, akaliachia. Kisha kinywa kikakaza, hata kidole hakikupita, na ukimgusa tu mwili wote unanyooka kama ubao. Penina alisema jina moja tu: Robi. Alikuwa bado hajapata nguvu za kutembea, kwa hiyo Wankyo akambeba mjukuu peke yake hadi zahanati.

Mganga wa pale hakukaa sana na mtoto. Alisema ni pepopunda, akauliza kitovu kilikatwa na nini. Wankyo akafungua pindo akampa kisu. Mganga akachukua sindano, akaiingiza kwenye bawaba, pale bapa linapojikunja, akachokora. Ukatoka uchafu mweusi, na ndani yake unywele wa mbuzi.

"Mama, ndio huu ulioingia kitovuni," alisema.

Mtoto alifia mikononi mwa Wankyo njiani kurudi. Alipofika, uwanja ulikuwa umejaa watu, na kabla hajafungua mdomo walikuwa wameshamaliza kesi: ni jicho la Robi. Walikumbuka kwamba mtoto wa Wegesa, wa mstari wa mbele, naye alikaza kinywa hivihivi akafa, na Robi alikwenda kumwona. Walikumbuka na wa Gati. Nani mwingine amehamia hapa na macho makavu namna ile? Penina alijikokota hadi mlangoni kwa Robi, akamlaani mbele yetu sote, yeye na tumbo lake. Robi alikuwa anapepeta mtama. Aliendelea kupepeta mpaka ungo ukamwanguka.

Wankyo aliyaona yote hayo akanyamaza. Nisimtetee. Alimzika mjukuu akanyamaza, akavuna pamba akanyamaza. Penina ndiye aliyebaki naye duniani, na aliogopa kumpoteza. Huku kisimani Robi alikuwa akifika tunamwachia kisima. Watoto walikatazwa kupita kwake. Mbuzi wake akaonekana amekufa, na hakuna aliyeuliza.

Mwishowe uliitishwa mkutano Robi aambiwe aondoke kijijini. Alikuja, akakaa chini peke yake, mikono mapajani. Mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye neno, nasi tulijua hakuna, ilikuwa desturi tu ya kuuliza. Wankyo akasimama.

"Robi hajaua mtu," alisema. "Mjukuu wangu nimemuua mimi. Nilimkata kitovu na kisu kichafu. Uchafu ulikuwa ndani kwenye bawaba, mganga ameutoa mbele yangu, nikauona."

Mwenyekiti alimwambia akae, huzuni imemchanganya. Hakukaa.

Penina alikuwa upande wa wanawake. Aliuliza bila kupaza sauti, "Ulipokuja umembeba, mama, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukaniacha niende kwa Robi."

"Nilikuacha, mwanangu. Niliogopa utaniacha wewe."

Penina hakulia. Aliinuka akavuka uwanja, akaenda kukaa mavumbini karibu na Robi. Robi hakumgeukia wala hakumsogelea, lakini hakuondoka.

Mwenyekiti alianza kukunja mambo, akasema basi, limekwisha, tutawanyike tukawahi mashamba. Watu wakaanza kunyanyuka, wengine wakishukuru moyoni kwamba hawatalazimika kumtazama Robi usoni. Ni Wegesa ambaye hakunyanyuka. Alikuwa na mimba nyingine, kubwa, na tangu mwezi uliopita alikuwa ameshamwambia Wankyo ajiandae kumzalisha.

"Mama," Wegesa alimwita, "na yule wangu?"

Uwanja wote ukasimama. Wankyo akamgeukia Wegesa. Alisema wazi, Gati naye akiwa palepale anasikia.

"Na yule wako, Wegesa. Ni mimi."