Nusu ya Tiketi ya Shangazi Mwajuma

Sie tuliokulia Temeke enzi za Mwingereza, nyumba zikiwa za udongo na makuti na mchanga wa njiani ukiunguza nyayo, tulicheza rede, tukacheza kombolela, tukacheza mdako hadi kucha zikaisha. Lakini mchezo uliowatia wazimu wakubwa kwa wadogo haukuwa na mpira wala kete. Ulikuwa bahati nasibu, ile kubwa, ya Tanganyika nzima.

Mtaani kwetu tiketi ziliuzwa na Mzee Salum, Mwarabu mwenye duka la pembeni, aliyezitundika juu ya gunia la tende. Kila tiketi ilikuwa na namba ya tarakimu sita, imeandikwa mara mbili. Upande mmoja ulikatwa ukapelekwa mjini kutiwa kwenye pipa. Upande wa pili ulibaki nao wewe, unaulinda kama mtoto mchanga. Siku ikifika, pipa linazungushwa mbele ya watu, vipande vinachomolewa, namba zinasomwa. Basi. Mengine yote ni moyo wako kudunda.

Ila Shangazi Mwajuma, dada wa baba, mpika maandazi, hakuridhika na urahisi huo. Yeye alikuwa ameota ng'ombe anavuta kiko.

"Nitafutie tiketi ya ng'ombe," akamwambia Mzee Salum.

"Ng'ombe ana namba gani, Bi Mwajuma?"

"Miguu minne, pembe mbili, kiko kimoja. Huoni?"

Mzee wa watu akapekua bunda zima, akaipata inayoanza na nne, mbili, moja. Shangazi akainunua kwa ushirika na Mama Anna, mke wa mwalimu, watu wa bara waliopanga chumba cha pili nyumbani kwetu. Mama Anna alikwenda kanisani na Shangazi alikuwa haachi swala, lakini kwenye tiketi hiyo waliomba kitu kimoja: cherehani. Zawadi ya kwanza ilikuwa motokaa. Hiyo hawakuitaka kabisa, maana wangeilaza wapi?

Kwa siku kadhaa walikuwa kama mapacha. Halafu ukazuka ugomvi: cherehani ikija, itakaa chumba cha nani?

"Kwangu kuna dirisha," akasema Mama Anna. "Mshonaji anahitaji mwanga."

"Na kwangu kuna aliyeota ndoto!" akajibu Shangazi.

Walifokeana mpaka kuku wakahama uani. Mwishowe wakaichana tiketi katikati. Shangazi akachukua tarakimu tatu za mwanzo, Mama Anna tatu za mwisho, wakanuniana. Chumvi ikiisha, Shangazi alimwambia ukuta, "Ukuta, mwambie jirani yako aniazime chumvi." Na ukuta ukaazimiwa.

Siku ya pipa mtaa mzima tulitembea hadi uwanjani mjini. Shangazi akasimama mwanzo wa uwanja na buibui lake, Mama Anna akasimama mwisho na kofia yake ya Jumapili. Karani aliyevaa kaptula iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe akashika kipaza sauti. Cherehani ikaenda kwa mtu wa Tanga. Shangazi akakaa chini mchangani, kanga usoni. Ikaja zamu ya zawadi iliyofuata.

"Nne! Mbili! Moja!"

"Ng'ombe wangu!" Shangazi akaruka juu.

"Sifuri! Tisa! Saba!"

Shangazi akaganda. Zake zilikuwa zimeisha, za mwisho hakuzikumbuka hata moja. Mara kule mwisho wa uwanja ukapanda ukelele mkali, kofia ikaruka hewani. Wale wanawake wawili wakakimbiliana, wakapasua umati wa watu, wakakumbatiana katikati wakilia na kucheka.

Karani alipoona vipande viwili akakunja uso. "Tiketi iliyochanika haifai. Mshindi ni nani?"

"Sie," wakajibu pamoja.

"Sie nani?"

"Sie hawa! Ulitaka sie wangapi?" Mama Anna akabandika nusu yake mezani, Shangazi akaisogeza yake ikagusana. Watu wakaanza kupiga makofi na kuimba, karani akaona yaishe.

Zawadi ilikuwa baiskeli. Ya kiume, yenye kile chuma cha katikati.

Walijaribu, nawaambia! Shangazi akashika usukani, buibui limefungwa kiunoni, Mama Anna akapanda nyuma akisali kwa sauti. Sie watoto tukasukuma, tukaachia. Walinyooka vizuri sana hadi dukani kwa Mzee Salum, wakaingia nayo, wakatua kwenye gunia la tende. Mzee akawatazama, akatazama tende zake, kisha akatazama cherehani yake kuukuu iliyokuwa ikila vumbi kibarazani.

"Chukueni hiyo," akasema, "mniachie baiskeli. Bora nijue iko wapi."

Cherehani ikawekwa ukumbini, katikati ya milango yao miwili. Nguo ya kwanza kushonwa ilikuwa gauni langu. Shangazi alishona mkono wa kulia, Mama Anna wa kushoto, kila mtu na kipimo chake. Nilikwenda nalo shuleni mkono mmoja umefika kwenye vidole, mwingine umeishia kwenye kiwiko, na mwenyewe nikijiona malkia.

Leo vijana wetu wanachezea bahati nasibu kwenye simu. Mjukuu wangu anaminya namba peke yake chini ya shuka, akikosa anavuta pumzi, anageukia ukutani. Nikimuuliza unacheza na nani, ananishangaa kama nimetoka mwezini. "Bibi, huu mchezo ni wa mtu mmoja." Namwonea huruma. Hata akishinda, maskini, hana wa kumkimbilia katikati ya uwanja.