Darubini ya Mama Aliye Kilioni

Juma hili, sikukuu zikiwa zimekwisha, nilikuwa katika duka la vifaa vya umeme mjini. Mbele yangu mjane mmoja, amevaa nguo nyeusi za kilio, alichagua darubini ndogo ya kutazamia nyota.

"Ni kado, zawadi ya mutoto, mama?" akauliza muuzaji.

"Hapana. Ni yangu miye mwenyewe."

Mzee mmoja akaguna. "Uko mu kilio, na unajinunulia bya kuchezea?"

Mama akalivuta boksi la darubini kifuani. "Baba, nguo tu njo iko mu kilio. Macho, Mungu angali anayaonyesha kazi yake."

Hata mzee alicheka.

Nami nilimzika mke wangu. Tangu hapo nawanunulia wajukuu tu, mimi sijinunulii kitu. Zamu yangu ilipofika, niliomba redio ya kujiundia, yangu mwenyewe. Niliiunda polepole mezani. Jana asubuhi ilishika matangazo ya misa.