Maksai wa Mama na Mdai Asiye na Hati

Niliondoka Ushetu na kandambili za tairi, nikarudi na stashahada, viatu vya ngozi na redio. Kijijini kwetu hakuna aliyekuwa amefika nilikofika mimi, na nalisema bila haya, kwa sababu kilichonisomesha ni jasho langu.

Sijakaa sana nyumbani, akaja mkusanya madeni wa mfanyabiashara mmoja wa Kahama. Marehemu baba alikuwa amekopa mabati, akafariki kabla ya kumaliza kulipa. Mtu huyo hakubisha hodi. Alikuja na vijana wawili wenye fimbo, wakafungua zizi na kuwatoa maksai wa mama, wale wa kulimia. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha. Bila maksai, mwaka ule mama asingelima kitu.

"Shikamoo, mzee. Hati ya mahakama iko wapi?"

"Marahaba, msomi. Hati ndiyo hii," akainua fimbo. Vijana wakacheka.

"Kudai ni haki ya tajiri wako. Kukamata mali ni kazi ya mahakama, na hata mahakama haimnyang'anyi mkulima ng'ombe wake wa jembe."

"Kawasomee wenzako huko mjini. Swageni!"

Nikamgeukia mama. "Anayeswaga ng'ombe wa watu bila hati tunamwitaje?"

"Mwizi, baba."

"Basi piga mwano."

Mama akapiga ule ukelele ambao kwetu una maana moja tu: ng'ombe wameibwa. Ukaitikiwa ng'ambo ya mbuga, kisha mbali zaidi. Wale vijana walikuwa wenyeji. Walitupa fimbo wakatimua mbio. Bosi wao, mtu wa mjini, akabaki ameshika kamba.

"Wamepatwa na nini hawa?"

Wanaume walikuwa wanatokea mashambani na marungu, wengine na pinde. Alipowaona alijibanza mgongoni kwangu, akalishika koti langu.

"Msomi, waambie!"

Mshale wa kwanza ulikuwa tayari kwenye upinde. Nikapanua mikono. "Deni lipo!" nikapaza sauti kwa Kisukuma. "Huyu ni mdai aliyekosea njia. Asiguswe!"

Mwenye upinde alinitazama, akamtazama mama.

"Basi awarudishe mwenyewe," akasema.

Mdai akawavuta maksai hadi zizini katikati ya marungu yale, jasho likimtiririka. Mama akafunga mlango wa zizi, akamgeukia.

"Mwambie tajiri wako nitalipa tumbaku ikiuzwa. Nawe siku hiyo ubishe hodi."

Kesho yake nilivua viatu vya ngozi, nikashika plau mwenyewe. Mifereji yangu ilinyooka kuliko ya yeyote.