Spika ya Kaka

Kaka yangu alikufa kwa homa ya ghafla kule Mbeya. Siku ya kumaliza msiba, wazee wa ukoo walinivisha koti lake, wakanikabidhi na funguo za pikapu yake. Ndivyo tulivyofanya kwetu: marehemu lazima apate wa kukaa mahali pake. Koti lilinibana mabega. Gari nililipenda papo hapo, sisemi uongo, ila redio yake ilinitia hasira.

Ilikuwa redio ambayo gari lilitoka nayo kiwandani, na spika moja tu chini ya dashibodi. Spika yenyewe ilikwaruza, kila mtangazaji akasikika kama ana mafua. Nikaapa kuing'oa.

Juma lile lile nilimpeleka mama Mafinga kwa shangazi. Njiani kikaanza kipindi cha salamu, na mtangazaji akasoma kadi ya kaka. Aliituma akiwa mzima, na kadi siku hizo zilikaa sana redioni kabla ya kusomwa. Alimtaja mama, akanitaja mimi, kisha mtangazaji akamalizia: "Ujumbe wake anasema, mama, usifunge mlango, nakuja."

Nilisimamisha gari kando ya misonobari. Mama hakulia. Aliinamia dashibodi akasema, "Kamwene," salamu yetu ya kila siku, kama vile mtu kaingia uani.

Tangu siku hiyo mlango wa nyumba yetu ya Kihesa haukufungwa tena. Nilimweleza mama habari za posta na kadi zinavyochelewa mpaka koo likanikauka. Alinisikiliza kwa upole, halafu akasogeza mkeka wake sebuleni, karibu na mlango. Na baridi ya Iringa mnaijua! Kifua kikaanza kumkoroma. Kila jioni alikwenda kukaa garini, akisubiri kipindi cha salamu, akisema mwanawe yumo mle kwenye mkwaruzo. Mimi niliona jambo moja tu: kaka atamchukua na mama. Nilimchukia marehemu kwa hilo, tena nilimchukia nikiwa ndani ya koti lake.

Basi nikaenda Mbeya, nikanunua redio ya kaseti na spika mbili kwa mfanyabiashara mmoja mwenye asili ya pwani, vitu vilivyopitia Zambia. Niliporudi nikampelekea fundi wa pale Kihesa. Milango ya gari haikuwa na nafasi ya spika, ikabidi bati likatwe kwa tindo. Kisha fundi akajipenyeza chini ya dashibodi, akatoka na spika ya zamani, akanipa nikatupe.

Karatasi yake ya kutolea sauti ilikuwa imechanika, na kaka alikuwa ameiziba kwa kipande cha mfuko wa saruji na gundi. Alikuwa na tabia hiyo, kuziba kila kitu kwa mfuko wa saruji. Juu ya gundi iliyokauka palikuwa na alama ya dole gumba lake, mistari yote inaonekana. Sikuitupa. Niliitia kwenye mfuko wa koti.

Jioni nikamwita mama aje asikie. Alipanda, akakaa mahali pake, akaisalimia dashibodi kama kawaida. Nikawasha. Salamu zikatoka milango yote miwili, safi, kila jina linasikika, mkwaruzo hakuna. Mama alisikiliza kipindi mpaka mwisho, akaipapasa ile redio mpya kwa kiganja.

"Ni nzuri, mwanangu," akasema. "Ila humu hamna mtu."

Akashuka. Usiku ulipoingia alirudisha mkeka wake chumbani, na kabla ya kulala akaenda mwenyewe akatia komeo mlangoni. Nililisikia likigonga. Nilikuwa nimeshinda, kwa hiyo nikakaa sebuleni nifurahi.

Furaha haikuja. Niliitoa ile spika mfukoni, nikaweka dole gumba langu juu ya alama yake. Lilienea sawasawa. Nilikaa hivyo mpaka chai niliyojimiminia ikapoa, nikisikiliza nje, na nje kulikuwa kimya.

Nikaenda nikamfunika mama blanketi la pili. Halafu nikarudi mlangoni, nikalitoa komeo.