Bendera Iliyobishana na Matanga

Mchoraji alikuwa na sheria moja ya kazi, nayo haikumtajirisha: hachori asichokiona dirishani. Dirisha lenyewe lilikuwa la chumba cha nyuma, ghorofa ya tatu, juu ya cherehani ya mkewe. Ukisimama hapo bandari unaiona nzima, kuanzia ofisi ya bandari yenye bendera juu ya paa hadi kule mbali kwenye lango la bahari, ambako mashua za matanga huingia. Kuitazama alikuwa ameitazama miaka ishirini na mbili. Kupanda chombo, hapana. Alikuwa mtu wa kuchefuka akiwa amesimama gatini.

Sheria ilizaliwa kwa aibu. Miaka mitatu nyuma alipeleka picha ya meli iliyotia nanga kwenye ukumbi wa marubani wa bandari, wale wanaopanda meli za wageni na kuziongoza ziingie salama. Mle ukumbini alikuwemo rubani mstaafu aliyebandikwa jina la Kipimo, kwa kuwa hakuna kitu kilichowahi kumtosha. Aliisogelea picha, akavaa miwani.

"Maji yanaivuta meli huku, mnyororo wa nanga uko kule," alisema. "Hii meli imefungwa kwa dua."

Ukumbi ulicheka. Picha iligeuzwa ikatazama ukuta, na bandari nzima ikapata habari kabla mchoraji hajamaliza kushuka ngazi. Mnyororo ule kweli alikuwa ameubuni. Tangu siku hiyo hakuna mtu wa bandarini aliyemwagiza kitu, akawa anachora mabango ya vinyozi. Vichwa vyake vilisifiwa sana, jambo lililomuumiza zaidi.

Sasa ukumbi ulikuwa umepata katibu mpya, asiyejua historia au mwenye huruma, naye akaagiza picha kubwa ya bandari asubuhi.

"Baba watoto," mkewe alimwambia, "ikigeuzwa na hii, utachora vinyozi mpaka uote kipara."

Asubuhi ya kuitundika, mama huyo alikuwa akiifunga kwa shuka kuukuu, mikono yake ikasita.

"Hebu ngoja. Bendera inapepea kuelekea baharini. Matanga yamevimba kuja huku kwetu. Huo upepo wako una vichwa viwili?"

"Wapi?"

"Hapa, na hapa. Mimi nimeshona miaka thelathini, kitambaa kikivutwa najua kimevutwa na nani."

Mchoraji aliangalia, jasho likamtoka. Bendera hufuata upepo, hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Ya kwake ilikuwa inaubishia. Alilikimbilia daftari lake la penseli. Ukurasa ulionyesha vilevile: bendera huku, matanga kule, na pembeni saa imeandikwa kwa mkono wake. Lakini mkono ni wake, jicho ni lake. Shahidi gani huyo?

Chini gari la katibu likapiga honi. Mchoraji akatia mfukoni brashi na rangi. Dakika tano juu ya kiti zingetosha kuigeuza ile bendera, mradi afike kabla ya Kipimo.

Kipimo alikuwa amefika tangu saa mbili.

"Naomba dakika tano," mchoraji alisema picha ilipokaa kwenye misumari. "Kuna mahali nataka kusawazisha."

"Usiguse." Miwani ilikuwa tayari usoni. Mzee aliitazama bendera, akayatazama matanga, akairudia bendera. Marubani wawili waliokuwa wakinywa chai waliviweka vikombe chini ili wacheke vizuri.

"Hii ni saa ngapi?"

"Saa nne kasorobo, asubuhi."

"Uliona mwenyewe au ulibuni?"

Kusema nimekosea kungekuwa rahisi, na brashi alikuwa nayo. Lakini kwa mzee huyu alikuwa ameshabuni mara moja.

"Niliona, mzee. Vyote viwili kwa wakati mmoja. Kama ni kosa, basi ni la macho yangu."

Kipimo alivua miwani. Akawageukia wale wawili.

"Nyinyi mnaoniita mtunga hadithi, njooni hapa! Miaka kumi na tisa nawaambia. Saa hiyo upepo wa mlimani bado unashuka huku ufukweni, na wa bahari umeshaingia langoni. Pepo mbili, bandari moja! Mimi nikiwa katikati na meli ya watu. Nikaikwaruza ubavu. Wakubwa wa bandari wakaniita barazani, wakachungulia bendera dirishani, wakasema upepo ni mmoja, wakaandika 'uzembe'. Mmeona sasa? Huyu hata bahari haijui, ameziona zote mbili akiwa amekaa nyumbani kwake!"

"Nimesimama," mchoraji alisema. "Huwa nachora nimesimama."

Kwa leo aliiacha desturi hiyo. Alivuta kiti akakaa kama gunia, akapewa chai, akainywa bila kujua kama ina sukari. Pumzi aliyoishusha ilikuwa na umri wa miaka mitatu.

Kipimo aliirudia picha, pua ikikaribia kugusa rangi.

"Lakini kamba ya mashua hii ya tatu imeoza."

"Imeoza kweli, mzee. Niliiona."

"Ya nani?"

"Sijui. Ila kesho akipita nitamwita kutoka dirishani."

"Mwite," alisema Kipimo, akavuta kiti akaketi karibu yake na kuanza kumsimulia ile meli tangu mwanzo. Wenzake waliokuwa wakiijua hadithi kwa moyo walitoroka mmoja mmoja. Mchoraji aliisikiliza yote, na ilipokwisha akauliza upepo wa mlimani ulikuwa na nguvu kiasi gani.