Mkono Chini ya Gunia

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu nusura niuze cherehani iliyokuwa inawalisha watoto wangu. Jana uliponiuliza kuhusu hisa za wale wenzako wanaotengeneza programu za simu, nilicheka peke yangu.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Vijana wawili walifungua kampuni ndogo ya simu ya upepo, ile ya kuongea kwa redio, pale mtaani Rusimbi, wakawa wanauza hisa. Nikaenda kuchungulia. Mama mmoja Mrundi akaisikia sauti ya dada yake kutoka kambi ya mbali. "Ariho! Yuko hai!" Foleni nzima ikapiga vigelegele, na mimi nisiyemjua nikalia kwa furaha. Nikaamua palepale: cherehani inauzwa, nanunua hisa.

Mama mkwe wangu, Bi Mwavita, muuza dagaa wa Ujiji asiyejua kumumunya maneno, akanitazama juu mpaka chini.

"Hebu niambie, mkwe wangu, dagaa unanunuaje?"

"Napenyeza mkono hadi chini ya gunia, mama. Juu wanapanga wale wakavu."

"Na hivyo vigelegele ulivyovisikia ni juu au chini? Rudi siku mtambo umekufa."

Nilinuna, lakini nilirudi. Mvua ilikuwa haikatiki, na betri za sola zimeisha moto. Nestori, mmoja wa wale vijana wawili, aliyekuwa fundi, alikuwa mlangoni akiwaambia watu, "Leo hakuna simu, kaeni na hela zenu." Nikamuuliza nani anawadai, wapi wamekosea, wateja gani hurudi wenyewe. Akanijibu yote bila kukwepa. Nilirudi nyumbani naimba, nikamsimulia mama mkwe.

"Nunua," akasema Bi Mwavita. "Ila cherehani usiiguse. Shona, ununue kwa ziada."

Simu za mkononi zilipokuja, ile ya upepo ikafa. Nestori akageukia kuzichaji na kuzitengeneza, na hisa zangu zikaendelea kuzaa. Paa hili limetoka humo. Cherehani nayo ndiyo hiyo unayoisikia inalia chumbani.

Basi, mwanangu, wenzako usiwaendee siku ya sherehe. Waendee siku mambo yameharibika. Uliza wanadaiwa nini, wateja wanarudi kwa nini, na kazi ya leo ikifa watafanya nini. Wakikujibu waziwazi, weka kile tu ambacho hata kikipotea, watoto watakula.

Mungu akubariki, na kila utakapopenyeza mkono chini ya gunia, akujalie kutoka na dagaa wakavu.